Chupa Nne na Nyuzi za Mzee Masereka

Wiki iliyopita nilienda kupimwa damu hapa Kasese mjini, kwa sababu magoti yameanza kunisumbua. Binti wa maabara, mtoto mzuri, glavu zake mikononi, akachukua damu akaitia kwenye mashine, mashine ikalia kidogo, karatasi ikatoka. Basi, kwisha kazi. Lakini mimi sikuondoka. Nilikuwa nimeinamia rafu yake ya chupa, nagusagusa shingo moja baada ya nyingine, mpaka akaniuliza kwa adabu, kwa vile vijana wa huku wanavyotuita sisi mabibi, "Jajja, umepoteza kitu?" Nikamwambia natafuta nyuzi. Akanitazama kama mtu anayefikiria kuongeza kipimo kingine kwenye fomu yangu.

Nimerudi nyumbani nikasema ngoja niwaandikie, nyinyi mnaosomea kazi hii sasa. Siandiki ili muache mashine zenu. Laiti ningekuwa nazo. Naandika kwa sababu kuna jambo nililifanya nikiwa na umri wenu, na yule binti hawezi kulijua kwa kunitazama magoti.

Jina langu Edisa. Nilizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za wachimbaji, baba yangu akiwa ametoka Bungoma kuja kuchimba shaba. Mtaani kwetu walikuwepo Wakonzo, Waluhya, Wajaluo, Wakiga, na kila mtu alimtukana jirani yake kwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo nikikasirika Kiswahili changu kinanyooka. Maabara nilifanya kazi miaka thelathini na kitu, sehemu kubwa katika hospitali moja ndogo ya misheni, barabara ya kwenda Bwera. Sitaitaja jina. Wengine bado wako pale, na mimi sitaki maswali kanisani.

Nilifika na cheti kutoka Kampala na viatu vya kisigino ambavyo havikumaliza hata mwezi kwenye changarawe ile. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza ya saruji, na maikroskopu moja ya kutumia mwanga wa dirisha, kwa hiyo wingu likikaa mlimani na sisi tunakaa. Kwenye kigoda kirefu alikuwepo mzee mmoja mwembamba, ananusa sahani ya bakteria. Sahani hizo, kwa asiyejua, ni vyombo bapa vyenye chakula kilichoganda kama uji uliopoa, na bakteria hupandwa humo wakue mpaka waonekane kwa macho. Hakunisalimia. Alifunika sahani akasema huyu ananuka samaki wa Katunguru, na kesho tutamkuta ametambaa kila mahali. Kesho yake kweli, ametambaa sahani nzima. Msimwige, tafadhali. Kunusa sahani ni marufuku siku hizi, tena ni haki, maana kuna wadudu humo wataingia puani wakae. Lakini pua ile, jamani, sijaiona tena.

Huyo ndiye Mzee Masereka. Cheti hakuwa nacho. Alianza pale kama mfagiaji, daktari mmoja wa zamani akamwona anavyosimama kutazama, akamfundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, cha watu wanaoamka upande huu na kununua chumvi upande ule. Wagonjwa walimwita musawo, yaani daktari, na mimi wakaniita "ule mutoto wa musawo", jambo lililoniuma sana, mimi mwenye cheti.

Siku ya kwanza nilimsomea daftari langu lote la jinsi bakteria wanavyovunja sukari, hatua kwa hatua, na majina yake ya kizungu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, kwa nini jerikeni la bushera linavimba? Bushera mnaijua, uji wa mtama unaoachwa uchachuke. Daftari zima, na jerikeni limenishinda. Akaniambia nitengeneze bushera mwenyewe, niweke kwenye kabati la maabara, nifunge kifuniko nusu. Mimi na usafi wangu wa Kampala nikakikaza mpaka mwisho, inzi asiingie.

Siku ya tatu asubuhi tuko kwenye sala ya wafanyakazi, mchungaji ndiyo kwanza ameanza kutuombea amani, tukasikia mlio maabara kama risasi. Watu wa mpakani wanajua kulala chini, nusu ya chumba ililala chini. Tulikuta mlango wa kabati umeng'oka bawaba na rejista ya wagonjwa imelowa bushera kuanzia ukurasa wa kwanza. Rejista ile ilinuka uchachu mwaka mzima. Mzee Masereka alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na baada ya kufuta machozi akanieleza kile ambacho daftari lilikuwa limenificha.

Sukari, alisema, ni kuni. Kiumbe yeyote anazipasua vipande ili apate nguvu, na kila kipande kinachokatika kinatoa kidogo. Penye hewa bakteria wengi wanazichoma mpaka mwisho, kunabaki maji na gesi tu, na nguvu wanayopata ni nyingi. Pasipo hewa wanafika katikati wanaishia hapo, na kile wasichoweza kukimaliza wanakitupa nje: asidi, au pombe, na mara nyingi gesi pamoja nayo. Kwa hiyo bushera inakuwa chachu kwa sababu ya takataka za walaji. Uchachu ule unaosifu ukinywa ni mabaki ya mezani ya wengine. Na kama umewafungia mlango, gesi yao itatafuta njia yake yenyewe.

Akanionyesha chupa zake nyembamba za kupimia. Ndani ya kila moja kuna maji yenye sukari ya aina fulani, na ndani ya maji hayo kuna kijichupa kidogo kimepinduliwa kichwa chini. Unatia bakteria, unafunika kwa pamba, unaacha mahali pa joto. Kesho yake, kama amekula sukari ile na kutoa gesi, utaona kiputo kimenaswa juu ya kijichupa. Wengine wanaweza kula sukari ya maziwa, wengine hawawezi hata wakifa njaa, kwa sababu hawana kimeng'enya cha kuikata, na kila kimeng'enya kina kazi yake moja tu. Ukiwajaribu kwa sukari mbalimbali unawajua ni akina nani. Mzee Masereka alivipenda viputo vile kupita kiasi. Alikuwa anainua chupa dirishani, anatabasamu. Nilidhani ni uzee.

Na umbile la bakteria mwenyewe alinifundisha kwa nyumba yetu ya Kilembe. Aliniuliza ilikuwa na vyumba vingapi. Kimoja, nikamwambia. Kitanda cha baba na mama, jiko, buti za mgodini, sanduku la nguo, sisi watoto watano, vyote chumba kimoja, na kila kitu kinajulikana kiko wapi. Akasema basi umeshaijua seli ya bakteria. Seli zetu sisi zina chumba cha ndani ambamo uzi wa urithi umefungiwa. Yeye hana. Uzi wake umejikunja tu pale katikati, na mitambo midogo ya kutengeneza protini imetapakaa kuuzunguka. Kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na wale wanaotumia hewa, kwenye utando huohuo ndipo kuni zinapochomwa mpaka mwisho. Nje ya utando kuna ukuta. Wengine juu ya ukuta wanavaa koti la ute, wengine wana mkia wa kuogelea. Nilipenda sana somo lile, na nilimwandikia baba barua kumweleza kwamba nyumba yake imefika maabara.

Ukuta ndio ulikuwa mkate wetu wa kila siku. Kuna wenye ukuta mnene, na kuna wenye ukuta mwembamba uliofunikwa ngozi ya mafuta kwa nje. Kwa macho hivihivi huwezi kuwatenganisha, wote ni kama maji tu. Kwa hiyo tunawapaka rangi kwa chupa nne. Ya kwanza zambarau, wote wanaishika. Ya pili ayodini, inaikaza ile zambarau ndani. Ya tatu spiriti, na hapo ndipo penye kazi: mwenye ukuta mwembamba spiriti inamvua rangi yote, mwenye ukuta mnene anabaki nayo. Ya nne nyekundu, inampaka yule aliyevuliwa. Mwishoni mnene ni zambarau, mwembamba ni waridi. Lakini spiriti haina huruma. Ikikaa muda mrefu inamvua hata yule mnene, na wewe utamwona waridi na utaapa kwamba umemjua.

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla sijafika. Tulihesabu kwa Baba Yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya maabara yetu, na msicheke, ilikuwa haichelewi. Zambarau, Baba Yetu mara mbili bila haraka. Ayodini, vilevile. Nyekundu, mara moja. Lakini spiriti unasema "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe", na hapohapo kwenye "litukuzwe" unamwaga maji. Aliyepita pale alikuwa akigongewa meza. Nilisali sala ile mara nyingi sana kwa siku, Mungu anisamehe, nikiwa nawaza chakula cha mchana.

Sasa nyuzi. Zile chupa nne kila moja ilikuwa na uzi mchafu umefungwa shingoni, wa kwanza fundo moja, wa pili mawili, mpaka manne. Nilidhani ni mambo ya kienyeji. Siku moja ya usafi nikachukua mkasi nikazikata zote, nikasugua chupa zikang'aa, nikazipanga upya kwa urefu wake. Kesho yake Mzee Masereka alipaka slaidi sita, vile vipande vya kioo vinavyowekwa chini ya lenzi, na zote sita zilitoka madoa matupu. Alikaa akizitazama chupa. Akazigusa shingo moja moja. Jioni nilimwona anafunga nyuzi mpya, na anainua kila chupa puani kwanza.

Nikaelewa kwa mkupuo mmoja. Viputo, kwa sababu kiputo hakihitaji rangi. Pua. Na ule mtindo wake wa kumwita kila anayepita, nesi, mchungaji, mama aliyekuja kumwona mgonjwa: njoo uone uzuri huu, unaona rangi gani? Watu walifurahi, wakasema mzee anapenda kufundisha. Hata mimi alikuwa ananiuliza kila slaidi, nikadhani ananipa mtihani. Mzee Masereka hakuwa anaona rangi tangu kuzaliwa. Zambarau na nyekundu kwake zilikuwa kitu kimoja cheusicheusi, na miaka yote ile aliazima macho ya watu.

Sikumwambia kwamba nimejua. Ningependa kuwaambia nilinyamaza kwa heshima. Ukweli ni kwamba nilinyamaza kama mtu anayeweka kitu akiba. Kigoda kile nilikitaka.

Sasa nifike kwa Biira. Dada yangu mkubwa, Rute, alikuwa ameolewa na mwanamume wa kule juu ya Bwera mwenye kahawa, na Biira ni binti yake wa pili. Alikuwa na miaka sita. Mimi aliniita mama mdogo, na kila nikienda kwao kazi yake ya kwanza ilikuwa kuingiza mkono mfukoni mwangu kutafuta peremende, hata kabla ya salamu. Msimu huo kulikuwa na homa ya uti wa mgongo upande wa pili wa mpaka, imeanza kuvuka. Tulikuwa tumeletewa sanduku la dawa ya mafuta kwa ajili ya homa hiyo: sindano moja, mgonjwa anarudi kwao, maana wodi zilikuwa zimejaa na vitanda vinalaliwa na wawili wawili.

Walimleta karibu na saa sita mchana, baba yake amembeba mgongoni na Rute nyuma anakimbia bila viatu. Shingo ya mtoto ilikuwa ngumu kama ubao. Nilimwinamia nikamwita, akanitazama na hakunijua. Daktari, kijana mpole aliyekuwa hajamaliza mwaka kwetu, akamtoa maji ya uti wa mgongo, akanikabidhi chupa mkononi ikiwa bado na joto la mtoto. Maji yale yanatakiwa kuwa maangavu kabisa, usione kitu. Haya yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea muhogo. Nilipima sukari yake nikakuta karibu hakuna, imeliwa. Bakteria wanaoingia uti wote wanaila, aina hii na aina ile, kwa hiyo hilo lilinionyesha tu kwamba wako ndani na ni wengi.

Mzee Masereka hakuwepo. Alikuwa ameenda machinjioni Kinyamaseke kutafuta damu ya kondoo ya kutengenezea sahani. Nikapaka slaidi mbili, kama alivyonizoesha, moja ya kutia rangi na moja ya kuweka pembeni. Zambarau, sawa. Ayodini, sawa. Nikamwaga spiriti, nikaanza, "Baba yetu uliye mbinguni", na sijui niseme nini, siku ile nikayasikia maneno. Nilikuwa nimeyafanya saa kwa miaka, na ghafla yakawa sala. Nikaona mkono wa Biira mfukoni mwangu. Sikuishia kwenye "litukuzwe". Nilipita kwenye mkate, nikapita kwenye makosa yetu, nikaomba atuokoe na yule mwovu, nikiwa nimefumba macho na chupa imeinama mkononi, mpaka Amina. Halafu nikafumbua, nikamwaga maji, nikatia nyekundu.

Kwenye lenzi niliwaona wawili wawili, waridi. Wawili wawili na waridi ndio wa ile homa iliyokuwa inavuka mpaka. Nilikimbia wodini. Daktari akaitikia kwa kichwa, ndicho alichokuwa anakitarajia, akaagiza sindano moja kutoka kwenye lile sanduku na akamwambia Rute kwamba jua likipoa atampeleka mtoto nyumbani. Rute akalia kwa furaha na mimi nikalia naye.

Mzee Masereka alirudi akiitikisa chupa ya damu mkononi, maana ndani huwa tunaweka shanga na lazima itikiswe njia nzima isigande. Slaidi yangu ilikuwa bado chini ya lenzi. Aliinama, akakaa pale muda mrefu. Akaniuliza ni ya nani, nikamwambia. Akainuka akaenda wodini, na mimi nikamfuata kwa sababu sikupenda jinsi alivyokuwa anatembea.

Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Mzee Masereka akasimama mbele ya daktari.

"Daktari, mutoto asiende. Hii haiko ile ya sindano moja. Ile inafanana buni mbili za kahawa zinatazamana. Hii iko na ncha, na iko na koti."

Alimaanisha aina nyingine kabisa, wale wa kichomi, ambao wakiingia kwenye uti dawa ile moja haiwatoshi. Mtoto lazima alazwe, achomwe penisilini usiku na mchana kwa siku nyingi. Akipelekwa nyumbani anakufa. Lakini wale wana ukuta mnene, wanatakiwa wawe zambarau, na mimi nilikuwa nimeona waridi kwa macho yangu. Daktari akanigeukia. Na mimi, vijana, nikatoa kile nilichokuwa nimekiweka akiba.

"Daktari, Mzee haoni rangi. Hajawahi kuona. Anaficha tu."

Nilisema mbele ya nesi, mbele ya dada yangu, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanamwita musawo kabla mimi sijazaliwa. Nesi alishusha sindano. Nilitegemea Mzee Masereka angekasirika, na ningeshukuru kama angekasirika.

"Ni kweli," akasema. "Rangi sioni. Umbo naona. Edisa, spiriti ulihesabu mpaka wapi?"

Nilifungua mdomo niseme "litukuzwe". Halikutoka. Nikamtazama Biira, nikasema, "Mpaka Amina."

Alinishika mkono akanirudisha maabara kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Tukachukua slaidi ya pili, ile ya pembeni. Baada ya zambarau na ayodini, mimi nikamwaga spiriti, yeye akasali, kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha mpakani, na kwenye "litukuzwe" akagonga meza. Nikamwaga maji. Nikatia nyekundu, yeye akaweka tone la mafuta ya lenzi. Nikaangalia. Wawili wawili, wana ncha kama ulimi wa mshumaa, na kila jozi imezungukwa na duara jeupe, koti lenyewe.

"Unaona rangi gani?" akaniuliza, vilevile alivyoniuliza kila siku.

"Zambarau, Mzee."

Daktari alikuja akaangalia mwenyewe, akatoka haraka. Biira alilazwa siku hiyohiyo. Kesho yake, bakteria wa maji yale walipokuwa wameota kwenye sahani, Mzee Masereka alituma nyongo ya ng'ombe iletwe kutoka kwa yuleyule mchinjaji. Aliwachanganya na maji ya chumvi, maji yakawa na ukungu, akatia nyongo. Wale wa kichomi wana udhaifu mmoja, nyongo ikiwagusa ukuta wao unavunjwa na vimeng'enya vyao wenyewe, wanapasuka. Tulikaa wote wawili tunaangalia chupa dirishani mpaka maji yakawa maangavu kabisa. Hicho tulikiona sawasawa, mimi na yeye.

Biira alipona. Sikio la kushoto halikurudi, lakini yeye alirudi. Juzi alikuja na watoto wake na debe la parachichi, akakaa upande wangu wa kushoto kama kawaida yake, ili sikio zima liwe kwangu, akaingiza mkono mfukoni mwangu mbele ya watoto wake. Mwanamke mzima, na mvi zimeanza.

Mzee Masereka je? Daktari hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza tangu lini, akajibu tangu tumboni. Lakini jambo likishasemwa hadharani barua lazima iandikwe. Akahamishiwa kwenye jiko tunakopika chakula cha bakteria, kuchemsha na kuchuja, na mimi nikapewa kigoda. Watu walinisifu kwa ukweli wangu. Kila aliyenisifu nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kama angekuwa anaona rangi kama mimi, angeona waridi na angekubali, na Biira angepelekwa nyumbani. Niliona aibu wakati ule na naiona sasa ninapoandika. Nilichoweza kufanya ni kufunga nyuzi mpya kwenye chupa zote nne, ingawa yeye hakuwa anapaka tena. Alipita akazigusa, akarudi kwenye sufuria yake.

Hakuniambia neno juu ya siku ile kwa miaka yote aliyobaki. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, siku aliyostaafu. Alikuwa ameshabeba sanduku lake, amefika kwenye njia ya kupanda kwao mlimani. Nilimfuata nikiwa na koti la kazi, nikamwambia Mzee, siku ile ya Biira nilikukosea. Akaweka sanduku chini.

"Mbele ya daktari ulisema kweli," akasema. "Kosa yako ilikuwa kwa spiriti."

"Nilikuwa namwombea mtoto, Mzee."

"Najua. Hata mimi naombaka." Akalibeba tena sanduku lake. "Lakini sala ndefu unaweka kwa zambarau, mutoto wangu. Pale hata ukilia, hakuna kitu itaharibika."